Mashine ya Mtetemo, Mama Mkwe na Ngazi za Igogo

Kutoka barabarani mpaka mlangoni kwangu Igogo kuna ngazi mia moja arobaini na tatu. Nimezihesabu kwa miguu yangu, na thelathini za juu kabisa nilizijenga mwenyewe kwa mawe na saruji mwaka tuliohamia, mimi na mke wangu Kabula. Watu wa tambarare huniuliza, "Fundi Maduhu, kwa nini umejenga huko juu kama pimbi?" Nawajibu kwamba pimbi ana akili kuwashinda wao. Anaona ziwa lote, anapata upepo, na wageni wasio na maana hawamfikii.

Naandika haya sasa kwa kuwa nimepona kiasi cha kuweza kujicheka. Kama wewe umetoka hospitali juzi, una mfuko wa dawa mkononi na hofu kifuani, na ndugu wanakutazama kama yai lililowekwa ukingoni mwa meza, kaa hapa tuongee. Mimi si daktari. Ni fundi cherehani, nashona suti na sare za kwaya mjini. Mambo ya mishipa na damu waulize waliosomea. Mimi nitakueleza ya mabenchi ya kusubiria, ya suruali iliyonivuka, ya mashine iliyonitikisa, na ya mama mkwe wangu, ambaye jina lake silitamki mpaka leo.

Ilikuwa mwezi wa sita. Masika yameisha, vumbi limeshika kazi yake. Nilikuwa napandisha jora la kitambaa begani, na nilipofika ngazi ya sitini na moja, pale penye jiwe kubwa jeusi, kifua kikabana kama mtu amenifunga mkanda akavuta matundu matatu ya ziada. Mkono wa kushoto ukawa mzito. Nikakaa. Nikajiambia ni gesi. Sisi wanaume wa huku kila kitu ni gesi, hata jambazi akikuchoma kisu utasema ngoja nicheue kwanza.

Jirani mmoja akapita akaniuliza, "Fundi, umepumzika?"

"Nimepumzika."

"Na jasho lote hilo?"

"Jua," nikamjibu.

Jua lilikuwa limezama nusu saa nzima iliyopita. Huyo jirani Mungu ambariki, hakubishana nami. Alipiga kelele, wakaja wanaume wanne, wakanikalisha kwenye kiti cha plastiki na kunishusha ngazi sitini na moja kama bwana harusi. Kabula alikuwa nyuma yetu, pekupeku, analitaja jina langu tu bila kuongeza neno jingine.

Hospitali nililala siku tisa. Daktari alisema ni shambulio la moyo, na kwamba nimepona kwa kuwahishwa. Siku ya kuruhusiwa akaniuliza, "Unaishi wapi, mzee?"

"Igogo, juu."

"Juu wapi?"

Kabula akamtajia idadi ya ngazi. Daktari akaweka kalamu chini. Akasema kwa sasa ngazi basi kabisa, nikae mahali pa tambarare, nianze kutembea kidogo kidogo, halafu baada ya wiki kadhaa nianze mazoezi tiba. Mpaka misuli na moyo viwe tayari, kule juu nikuone kwa macho tu.

Kabula hakufikiri hata dakika moja. "Utakwenda Kisesa kwa mama."

"Bora mniache hapahapa hospitali," nikasema.

Huenda wewe msomaji hukulelewa kama mimi, kwa hiyo nieleze. Kwetu Wasukuma, kwa malezi niliyopata, mtu na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa kuepukana. Hawashikani mikono. Hawali pamoja. Hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anajidai anatafuta kuni porini mpaka mwenzake apite. Siku hizi vijana wameshaacha, nawaona wanapiga picha na mama wakwe zao huku wamewakumbatia, mweh! Lakini mama yake Kabula ni mwanamke wa zamani, na mimi ni mwanaume mbishi. Miaka ishirini na miwili ya ndoa hakuwahi kukanyaga kwangu, na mimi kwake nilikuwa naishia uani, nachuchumaa mbali, natoa shikamoo nikiwa natazama kuku.

Sasa niende nikalale kwake, nivuliwe shati, nisikike nikikohoa!

Nikaenda. Mgonjwa hana ubishi.

Alinipa chumba cha nje, kile kinachotazama uani, alichokuwa akipokelea wageni wake marehemu baba mkwe. Yeye alikuwa nyumba kubwa. Jioni ya kwanza nilikaa kitandani najiuliza mambo yatakwendaje, maana mama alikuwa anaishi peke yake na Kabula alikuwa na meza yake ya dagaa kule sokoni Mwaloni, asingeweza kukaa nami kutwa. Nani atasema uji umeiva? Nani atasema nahitaji maji ya kuoga?

Nikasikia sauti nje, tulivu kabisa. "Jogoo, mwambie mkwe wangu uji uko kwenye kigoda, na hauna sukari, daktari amekataza."

Nikachungulia. Alikuwa amenipa mgongo, anazungumza na jogoo mwekundu mwenye mkia mrefu, naye jogoo anadonoa zake.

Nikafikiri kidogo, nikajibu kwa sauti, "Jogoo, mwambie mama nimeshukuru. Wabeja sana."

Na hivyo ndivyo tulivyoishi. Jogoo alikuwa anafanya kazi tangu asubuhi mpaka jioni. Jogoo, muulize amemeza dawa? Jogoo, mwambie nimemeza. Jogoo, mwambie aache kujikaza, akitaka kulia alie, nyumba hii haina umbeya.

Mwili wangu ulikuwa umenigeuka. Mapaja yaliyokuwa yananibana suruali yalikuwa yamekwisha, nikisimama goti linacheza. Suruali ya kaki niliyokuja nayo niliipunguza kiuno vidole viwili kwa mkono, baada ya wiki tatu nikapunguza vingine viwili. Fundi anajua vipimo vya watu, nami nilikuwa najiona nageuka mteja mwingine kabisa, mtu nisiyemfahamu. Usiku moyo ukiruka kidogo nilikuwa naweka kiganja kifuani na kusubiri. Kama nawe unafanya hivyo, ujue hauko peke yako.

Kabula alikuja kila Jumapili, na alikuwa amechoka. Unafunga meza Mwaloni, unapanda ngazi zote zile na ndoo ya maji, unashuka, unakuja Kisesa, unarudi. Jumapili moja ya mwezi wa saba alinitolea lililokuwa moyoni.

"Maduhu, nimepata mpangaji wa ile nyumba."

"Nyumba ipi?"

"Yetu. Tupangishe, tuhamie Buhongwa, tambarare."

Nikawaka. Nilimwambia maneno mabaya, kwamba ananizika ningali napumua, kwamba mawe yale niliyabeba mimi. Naye hakunyamaza. "Uliyabeba wewe, ndiyo. Na wewe nani atakubeba? Mimi ndiye niliyekufuata nyuma ya kile kiti! Nikifumba macho nakiona kiti!" Halafu akalia, nami nikaona aibu. Ugonjwa wa moyo unampiga mtu mmoja lakini wanaoumwa ni wengi.

Tukafikia makubaliano. Mvua za vuli zikianza, ngazi za Igogo huwa na utelezi hata kwa mzima. Kama kabla ya mvua ya kwanza nitakuwa nimepanda kwa miguu yangu, kwa ruhusa ya wataalamu, tutabaki kwetu. Nisipoweza, mpangaji anaingia. Kabula alisema, "Nami nitafurahi ukiweza. Usidhani sitafurahi."

Mwezi wa nane nikaanza mazoezi tiba. Kituo kilikuwa kwenye barabara ya kwenda mjini, na ilibidi nisindikizwe, daktari hakutaka niende peke yangu. Msindikizaji ni nani? Mama mkwe. Bajaji ina kiti kimoja nyuma, na sisi hatukai kiti kimoja. Kwa hiyo tulikodi mbili. Mimi mbele, yeye nyuma, kama msafara wa mkuu wa wilaya. Pale kituoni nilikaa kwenye benchi la ndani, yeye benchi la ukumbini, ametupa mgongo sote.

Benchi lile ni shule. Kuna mzee mmoja wa Kihindi, muuza vitambaa ambaye nimenunua kwake tangu nikiwa mwanafunzi wa ushonaji, naye moyo ulikuwa umempiga miezi minne kabla yangu. Alinitazama suruali, akasema, "Fundi, hiyo nani amekushonea? Mbaya sana." Nilicheka mpaka nikashika kifua kwa woga. Akaniambia, "Cheka tu. Mimi pia nilikuwa naogopa kucheka."

Mtaalamu wetu alikuwa binti wa Kijita anaitwa Nyangeta, mfupi, mwenye sauti kubwa. Wiki za kwanza ilikuwa kutembea, kuinua mikono, kupimwa presha kabla na baada. Halafu siku moja, daktari akiwa ameshasaini ruhusa, akanipeleka kwenye kitu kama mzani wa pamba, ubao wa chuma chini na vishikio mbele. Nikapanda, nikasimama wima.

"Kilo ngapi?" nikamuuliza.

"Baba Maduhu, hapa hatupimi kilo. Kunja magoti kidogo. Shika hapo. Itakutetemesha nusu dakika tu, halafu unapumzika. Inaamsha misuli ya miguu bila kuuchosha sana moyo. Ukiona kizunguzungu au kifua kinabana unasema papo hapo, usiniletee uanaume."

Akabonyeza. Jamani! Nyayo zilianza, zikafuata matafu ya miguu, mapaja, mashavu, meno. Nikasema "Simamisha!" na neno lenyewe likatoka vipande vipande. Niliona nakufa. Tangu siku ile ya Igogo, kitu chochote kilichotikisika ndani yangu nilikihesabu kuwa ni kifo kinapiga hodi.

Nyangeta akasimamisha. Akanipima mshipa. Akanitazama. "Moyo uko sawa kabisa. Umeogopa tu. Kutetemeka si kufa, baba. Mwili unaotetemeka unafanya kazi. Maiti ndiye hatetemeki."

Mara ya pili nilijikaza. Na hapo miaka thelathini ya ufundi ikaniumbua, maana mguu wa kulia, ulipousikia ule mtikisiko, ukaanza wenyewe kukanyaga. Kisigino, kidole, kisigino, kidole, kama niko kwenye cherehani na kesho ni harusi. Nilijaribu kuuzuia, ukakataa.

Kutoka ukumbini nikasikia sauti, "Dada, mwambie huyo aache kushona, atulize mguu."

Nyangeta alicheka mpaka akakaa chini. Mama alikuwa ametupa mgongo, basi ameuonaje mguu wangu? Ndipo nilipojua kwamba alikuwa ananiangalia. Tangu siku ya kwanza alikuwa anageuza shingo kuniangalia.

Tuliendelea, siku tatu kwa wiki. Nusu dakika ikawa dakika. Nikishuka pale miguu inawasha kama imepita kwenye upupu, lakini ikipoa nasikia ipo, ni yangu. Mwezi wa tisa nikaweza kusimama kutoka kitini bila kushika kitu, nikafanya mara kumi mbele ya jogoo, maana nilitaka mtu anione.

Halafu nikafanya ujinga, na huu nauandika ili wewe usiurudie.

Asubuhi moja mama alikaa uani kubangua karanga, mbele kabisa ya mlango wangu. Uji wangu ulikuwa kwenye kigoda, hatua mbili kutoka alipokaa. Kuutoa ilinibidi nimpite karibu, na kuunywa ilinibidi ninywe mbele yake. Hilo haliwezekani. Nikasubiri ainuke. Hakuinuka, karanga zilikuwa debe zima. Ningeweza kumwambia jogoo. Lakini utamwambiaje jogoo "mwambie mama aondoke uani kwake"? Kwa hiyo nikameza dawa zangu zote kavu, tumbo tupu, na bajaji zilipofika nikapanda. Nyangeta aliniuliza kama kawaida, "Umekula?" Nikamjibu, "Nimekula, nimeshiba."

Mzunguko wa tatu wa mtetemo, ukuta ukaanza kwenda mbali. Nilikumbuka kwamba natakiwa kusema. Sikusema. Nikaachia vishikio.

Nilichosikia kwanza ni harufu ya moshi na samli. Mikono miwili ilikuwa imenizunguka kifua kwa nyuma, migumu, imenikaza, na sikuwa nimefika sakafuni. Nikafungua macho nikaona kidole chenye pete ya marehemu baba mkwe.

"Nimekushika," akasema mama. Akaniambia mimi, si jogoo wala dada.

Aliponilaza tu akarudi mbio ukumbini, akaelekea ukutani, akajifunika kanga kichwa kizima.

Nyangeta alipima kila kitu, akanipa kitu kitamu ninywe, akamwita daktari kwa simu. Halafu akaniuliza upya kama nimekula. Nikaanza kuzungusha maneno. Sauti ya chini ya kanga ikanimaliza, "Uji nimeuacha kwenye kigoda umejaa inzi."

Basi nikaeleza. Nyangeta alinisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni. "Mila yenu nzuri, baba, hata kwetu ipo. Lakini ukinifia hapa kwa sababu ya karanga, kwenye fomu nitaandika nini?" Akanisimamishia mashine wiki mbili mpaka daktari anione upya. Wiki mbili! Mwezi wa kumi ulikuwa unaingia, na mawingu ya vuli hayamsubiri mtu.

Kilichoniumiza zaidi ni nyumbani. Mama alinyamaza. Siku tatu uji ulikuja kimya, maji yakaja kimya. Jogoo alikuwa anapita tu uani, hana ujumbe. Nikajua nimemvunjia heshima. Mwanamke mzima, mjane, ameshika mwili wa mkwe wake mbele ya watu kwa ajili ya uongo wangu.

Jumapili Kabula akaja, wakakaa nyuma ya chumba changu. Ukuta ule ni mwembamba.

"Nilimshika," nikamsikia mama. "Kabula, nilimshika mkwe wangu. Mbavu zinahesabika. Nilimuozesha binti yangu kwa mwanaume mzito, sasa nimeshika kitu kama kuku wa kienyeji. Baba yako aliniponyoka hivihivi, akiwa amesimama. Sikuwahi. Nikasema huyu sikubali, mila itanisamehe."

Nililia. Naandika bila aibu, nililia mpaka mto ukalowa, na kile kifua nilichokuwa nakiogopa kikatikisika na hakuna kilichokatika.

Kosa kama lile kwetu husafishwa kwa nguo. Aliyeshikwa humvalisha aliyemshika, na heshima inarudi mahali pake. Wengine hununua dukani. Mimi ni fundi. Nilimwambia Kabula aniletee kitenge kizuri, cha rangi ya bluu na njano, na kopo langu la sindano. Cherehani nilikatazwa, kwa hiyo nilishona kwa mkono.

"Na vipimo?" Kabula akauliza. "Nikupimie?"

"Acha."

Sijawahi kumtazama mama mkwe usoni. Lakini karibu miezi miwili nimekaa nikiutazama mgongo wake kituoni. Najua bega la kushoto limeshuka kidogo kwa kubeba ndoo. Najua kiuno, najua urefu wa mkono ulionishika. Nilikata kwa jicho, siku kumi nikashona gauni, mishono midogo midogo kama ya nguo ya kwanza ya mtoto. Kabula akaenda kuliweka kwenye kigoda.

Asubuhi yake sauti ikarudi uani. "Jogoo, mwambie fundi kwapa limebana kidogo." Kisha, baada ya muda, "Lakini asiliguse. Nimelipenda hivyohivyo. Na mwambie kuanzia leo nikigonga sufuria mara mbili, nimekwenda nyuma ya nyumba, atoke ale mpaka ashibe. Asipokula, nitabangua karanga mlangoni kwake mpaka Krismasi."

Nikatoka, nikala. Haki ya Mungu, uji usio na sukari haujawahi kuwa mtamu vile.

Daktari akaniruhusu tena, na dawa zikapangwa upya pamoja na chakula. Nikarudi kwenye mashine kwa heshima zote. Nikawa nasema kila kitu, hata vidole vikifa ganzi nasema, Nyangeta akaanza kunifukuza, "Basi baba, hilo usiniambie." Mapaja yakarudi, ile suruali ya kaki nikafumua vidole viwili. Nikawa natembea mpaka kwenye njia panda ya Bujora na kurudi. Kituoni kuna ngazi kumi na mbili, nikawa nazipanda na kushuka, napumzika, napanda tena, mzee wa vitambaa ananihesabia kwa Kigujarati.

Wiki ya mwisho ya mwezi wa kumi, upepo wa ziwani ukabadilika. Nyangeta akanipima, akaandika barua kwa daktari, daktari akajibu: ngazi kumi na mbili, pumzika, ngazi kumi na mbili, pumzika, na nisione haya kurudi.

Jumamosi asubuhi tulikuwa chini ya mlima Igogo. Kabula mbele na kiti cha plastiki, kilekile, kwa ajili ya mapumziko yangu. Mimi katikati. Na nyuma, jambo ambalo sikulitegemea, mama mkwe, na gauni lake la bluu na njano, na jogoo mwekundu kwapani amefungwa miguu.

"Mama, magoti yako," Kabula akasema.

"Mtu huangukia nyuma," akajibu. "Nani atakuwa nyuma?"

Kumi na mbili. Nikakaa. Ishirini na nne. Majirani wakaanza kutoka milangoni, wakatusalimia kwa sauti ya chini kama tuko kanisani. Thelathini na sita. Arobaini na nane. Sitini. Nilikuwa sawa, jasho la kawaida. Nikainuka kitini, nikaweka mguu kwenye ngazi ya sitini na moja, pale penye jiwe jeusi, na miguu ikagoma. Ikaanza kutetemeka, yote miwili, na pale hapakuwa na mashine. Nikaona kiti. Nikaona wale wanaume wanne. Kabula aligeuka, uso wake ukanyauka, akasema taratibu, "Turudi, mume wangu. Si kitu. Tutahamia Buhongwa."

Nikafungua mdomo nikubali. Nilikuwa nakubali kweli.

"Jogoo," sauti ikasema nyuma yangu. Alikuwa anahema, magoti yamemchosha kuliko moyo ulivyonichosha mimi. "Mwambie yule dada alisema maiti ndiye hatetemeki. Mwambie nilimshika mara moja, na sishindwi kumshika mara ya pili. Ila aniandalie kitenge kingine, na safari hii kwapa alipanue."

Nikacheka. Pale pale kwenye jiwe langu la kifo, nikacheka, na Kabula akacheka huku machozi yanamtoka. Nikakunja magoti kidogo kama nilivyofundishwa. Nikaiacha miguu itetemeke mpaka ikachoka yenyewe. Nikapanda.

Sabini na mbili. Themanini na nne. Tulichukua saa nzima na ushee. Ngazi thelathini za mwisho, zile za mikono yangu, nilizipanda nikizigusa na nyayo kama mtu anayesalimia watoto wake.

Mlangoni Kabula akafungua kufuli. Mimi nikaingia, nikaona cherehani yangu imefunikwa shuka, nikaona dirishani ziwa zima. Kwa upande wa Busisi mawingu yalikuwa meusi. Tulikuwa tumeiwahi mvua kwa siku moja.

Mama alibaki nje, kwenye ngazi ya juu kabisa, ametupa mgongo, anaangalia ziwa. Miaka ishirini na miwili hajakanyaga kwangu. Akamwinamia jogoo, akamfungua miguu, akamwachia. "Huyu namwacha hapa," akasema, bila kumwambia mtu. "Asije akachinjwa. Ana kazi."

Jogoo akaingia ndani moja kwa moja kama mwenye nyumba.

Nikasimama nyuma ya mlango, nikageukia ukutani ili nimpe nafasi. "Jogoo," nikasema, na sauti ilikuwa inatetemeka, "mwambie mama kwamba kiti kipo, maji yapo, na mlango uko wazi."

Nikasikia hatua za mtu mwenye magoti mabovu, moja, ya pili, kisha kiti cha plastiki kikalia kwa kukaliwa, ndani ya nyumba yangu.

"Jogoo," akajibu, "mwambie mwanangu nimefika."